Mchuma Janga na wa Kwao: Nani Abebe Kosa la Jamaa?

Mwanzoni mwa Ndia Kuu mjini Mombasa, kabla mtaa haujabana, yapo majengo mawili yanayotazamana. Moja ni Ngome ya Yesu, iliyotumika kama jela kuanzia 1895 hadi 1958. La pili ni mahakama ya zamani, iliyojengwa mwaka 1902. Kwa miaka hamsini na kitu mshtakiwa alihukumiwa huku na kufungwa kule, kwa jina lake na kwa kosa lake. Ukisonga mbele kidogo, ukafika kwenye mabaraza ya Mji wa Kale, hukumu hutolewa kwa kanuni nyingine: mchuma janga hula na wa kwao. Kijana akishikwa na unga, anayeulizwa ni mamake. Kaka akitoroka na pesa za watu, anayekosa mchumba ni dadake. Mtu akikopa asilipe, simu humlia ami yake.

Methali hiyo inasimulia mambo yanavyokwenda. Haijasema kuwa ndivyo yanavyopasa kwenda. Swali lenyewe, kama mtu abebe adhabu ya kosa la jamaa yake, limejibiwa hapa pwani kwa namna nyingi katika karne mbili zilizopita, na majibu hayo tunaweza kuyapima kwa matokeo yake. Ugumu unakuja kwa sababu ndani ya neno "kubeba" tunatia mizigo mitatu iliyo tofauti: adhabu, gharama na aibu. Anayesema jamaa wasibebe chochote hukosea kama anavyokosea anayewabebesha vyote.

Ukoo mzima chini ya kosa moja

Tuanze na adhabu, na tuanze hapa hapa Ngomeni. Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa kwa miaka mingi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, ukikataa kuinamia Albusaidi waliokuwa wameshika ufalme wa Oman. Mwaka 1837 mtawala wa Albusaidi, Sayyid Said bin Sultan, aliupata mji. Hakutosheka na kumwondoa Rashid bin Salim, Mazrui wa mwisho kuutawala. Wakuu wa ukoo wapatao 25 walikamatwa kwa hila, wakatiwa vyomboni, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na wengi wao walifia kifungoni. Hapakuwa na mashtaka ya mtu mmoja mmoja. Kosa lilikuwa la ukoo, na adhabu ikawa ya ukoo. Waliosalimika walihama: wengine Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini.

Kwa hesabu ya siku ile, Sayyid Said alifaulu. Lakini huko Gazi alikuwako Mbaruk, mwana wa Rashid bin Salim. Mbaruk aliinua silaha mara kwa mara dhidi ya Albusaidi, na mwaka 1895 akaingia vitani na Waingereza, katika vita vilivyoanzia kwenye ugomvi wa urithi wa uongozi wa Takaungu. Havikwisha mpaka Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, na si haki kuvitundika vyote kwenye mwaka 1837. Hata hivyo, ukoo uliofukuzwa kwa kosa la jina hauna cha kupoteza kwa kuliasi dola. Adhabu iliyokusudiwa kuung'oa uasi ilichelewesha amani kwa karibu miaka 60.

Ukoo huo huo ndio uliotoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na mwanawe Profesa Ali Mazrui (1933–2014). Lau damu ingekuwa inabeba hatia, wawili hao wangehukumiwa kabla ya kushika kalamu.

Waingereza walipoketi vizuri hawakuiacha kanuni ya Sayyid Said, waliiandika. Mwaka 1909 utawala wao ulitunga sheria ya adhabu ya pamoja, iliyompa ofisa uwezo wa kulitoza kabila au kijiji kizima faini kwa kosa la wachache. Pwani iliionja adhabu ya namna hiyo mwaka 1914. Wagiriama walikataa kodi na kutoa vibarua, sauti ya Mekatilili wa Menza ikiwa mbele. Serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti mwezi Agosti, ikachoma nyumba, kisha ikawadai Wagiriama wote rupia 100,000 na vijana 1,000 wa kazi. Bibi kizee asiyewahi kuhudhuria mkutano wowote alitoa mbuzi wake sawa na aliyekula kiapo kayani.

Tukidhani mambo hayo yalikwenda na mkoloni, tutazame Wajir. Februari 1984 askari wa serikali ya Kenya huru, katika operesheni ya kusaka bunduki, waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Swali langoni lilikuwa la nasaba: wewe ni wa ukoo gani? Watu walikaa juani siku kadhaa bila maji. Wengine waliteswa, wengine wakapigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema katika ripoti yake ya 2013 kwamba huenda waliokufa walikaribia 1,000.

Jambo linalochoma ni tarehe. Juni 1981, miaka isiyotimia mitatu kabla ya Wagalla, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Nairobi na kuupitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ibara yake ya 7 inatamka kuwa adhabu ni ya mtu binafsi, na haimwangukii ila mkosaji. Wala si fikra mpya hapa pwani: Kurani inalirudia mara tano kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine, na aya hiyo mtoto wa chuoni anaijua kabla hajajua mkataba ni nini. Kwa hiyo tatizo halijawahi kuwa upungufu wa maandishi. Adhabu ya jamaa hurudi kila mara kwa sababu ni rahisi. Mkosaji hapatikani, jamaa zake wanapatikana.

Hoja ya upande wa pili

Haifai kuipita hoja ya wanaotaka jamaa wabanwe, maana haitoki kwa wajinga. Wanasema mambo matatu. Kwanza, jamaa wanajua: panga halilali chini ya kitanda miezi mitatu bila mtu wa nyumba kuliona. Pili, jamaa wanafaidi: friji mpya, karo, safari ya umra, vyote vimetoka kwenye mfuko ambao hakuna aliyeuuliza ulijaaje. Tatu, jamaa wana uwezo wa kuzuia: neno la mama au la mjomba huingia mahali ambapo kirungu cha polisi hakifiki. Basi wabanwe, na watawabana wao.

Hoja ya kwanza na ya pili zina ukweli, lakini ukizichunguza utaona zinamshtaki jamaa kwa jambo lake mwenyewe. Aliyeficha silaha akijua ni silaha amefanya kosa lake. Aliyepokea mali ya wizi akijua ilikotoka, vilevile. Kenya ina sheria ya mwaka 2009 juu ya mali itokanayo na uhalifu, ambayo huiwezesha mahakama kuitwaa nyumba au pesa hata ikiwa imeandikwa kwa jina la mke au la mtoto. Huko ni kurudisha kisicho chake. Mke hafungwi kwa kuwa ni mke. Mzazi naye ana wajibu wake ulioandikwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya maana faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Anaadhibiwa kwa alichokiacha yeye. Mtoto naye, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, hawajibiki kijinai kabla ya kutimiza miaka 12. Hapo awali ilikuwa 8. Kitoto cha miaka saba kikivunja kioo cha duka, mzazi kulipa ni sehemu ya ulezi, na hakuna anayeona ajabu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoporomoka. Ni kweli jamaa wana uwezo wa kuzuia, lakini uwezo huo unatokana na kuaminiana, na kuwabana kunaua kitu hicho hicho. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alitambuliwa kuwa mhitimu wa sheria, mwana wa chifu wa Mandera. Baba huyo alikuwa amekwisha kuwaarifu maofisa wa usalama kuwa mwanawe haonekani. Wangemweka ndani kwa kosa la mwanawe, wangekuwa wamewafunza wazazi wote wa Mandera, na wa Kisauni, na wa Majengo, kwamba anayeripoti hujichongea. Baada ya shambulio hilo serikali iliwataka wazazi waripoti vijana waliopotea na ikatangaza msamaha kwa watakaorudi. Huwezi kumwomba mama taarifa kwa mkono mmoja na kumtisha kwa pingu kwa mkono wa pili.

Ndiyo maana desturi ya kumzuilia mke au mama kituoni mpaka mwanamume ajitokeze ni mbaya mara mbili. Ni kinyume cha Katiba, ambayo katika ibara ya 49 inataka mtu akikamatwa aelezwe sababu mara moja na afikishwe mahakamani katika saa 24. Na kuwa mke wa fulani si sababu inayoweza kuandikwa kwenye kitabu cha matukio. Pia inaharibu upelelezi, kwa kuwa inamgeuza shahidi bora aliyepo kuwa adui.

Gharama: pale jamaa wanapolipa kwa haki

Tukifika kwenye gharama, picha inabadilika. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zimejua kwamba baadhi ya madhara ni makubwa kuliko mfuko wa mtu mmoja, na kwamba aliyedhurika hashibi kwa kumwona mkosaji anaoza jela. Sheria ya Kiislamu ina utaratibu wa diya, na sisi wa mwambao tunaofuata madhehebu ya Shafii tunapaswa kuujua vizuri kuliko tunavyoujua. Mtu akiua kwa kukusudia, diya humtoka yeye mwenyewe. Akiua bila kukusudia, jamaa zake wa kiumeni, wanaoitwa akila, ndio hulipa, na hulipa kwa miaka mitatu. Tajiri hutoa nusu dinari kwa mwaka, mwenye hali ya kati robo dinari, fukara hatoi kitu. Na baba wa aliyeua, pamoja na watoto wake, hawamo kabisa katika hao walipaji.

Tuutazame utaratibu huo kwa makini, kwa sababu ni kinyume cha alivyofanya Sayyid Said. Unahusu bahati mbaya, hauhusu uovu. Kila mtu anajua kiwango chake kabla ya msiba. Fungu la mmoja ni dogo kiasi cha kutomwangusha. Walio karibu zaidi na mkosaji, ambao hasira ya watu ingewaangukia mwanzo, ndio walioepushwa. Na kinacholipwa chote kinakwenda kwa waliofiwa. Hii ni bima ya ukoo, na mtu hahitaji kuwa Mwislamu kuiona hekima yake.

Lakini si kila malipo ya ukoo yana usafi huo. Mijikenda walikuwa na kore, fidia ya damu iliyoweza kulipwa kwa mtu: ukoo wa muuaji ulimtoa msichana au kijana akawa wa ukoo wa marehemu. Waliofiwa walipata badali, amani ikarudi, na aliyelipia yote ni binti ambaye hakuua wala hakuulizwa. Leo tunaona mwangwi wake katika kesi za ubakaji zinazomalizwa kinyumbani. Wazee hukaa, mbuzi au pesa hutolewa na baba wa kijana, hupokewa na baba wa msichana, chai hunywewa. Msichana hurudi darasani akimpita aliyemwingilia njiani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haiwapi wazee uwezo wa kuizima kesi ya namna hiyo, na ni sawa isiwape.

Mahakama zenyewe zimeyumba hapa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini, ngamia na mbuzi wakiwa wametolewa. Walioisifu hukumu ile walisema Katiba, katika ibara ya 159, inahimiza njia za jadi za kupatanisha. Walioilaumu waliuliza: je, maskini asiye na ukoo wenye ngamia? Pande zote mbili zina haki. Mapatano ya jamaa huponya familia mbili zinazopaswa kuendelea kuishi jirani, lakini hayawezi kusimama mahali pa hukumu, au uhai utakuwa na bei ambayo ukoo mkubwa unaimudu na mdogo haumudu.

Gharama ya kila siku zaidi ni deni. Hapa desturi yetu ni nzuri kuliko sifa tunazoipa. Maiti anapokwisha kuswaliwa, kabla jeneza halijainuliwa, jamaa mmoja husimama mbele ya watu akatangaza kwamba anayemdai marehemu amwone yeye, na aliyekosewa amsamehe. Kisheria deni la marehemu hutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na mali ikiisha mrithi hadaiwi mfukoni mwake. Yule jamaa anajua hivyo. Anasimama kwa hiari yake, kama sahaba Abu Qatada alivyolibeba deni la maiti ili Mtume apate kumswalia. Nguvu ya tendo lile yote inatokana na kwamba hakulazimika.

Linganisha na ilivyokuja kuwa katika mikopo ya simu. Kijana anapakua programu, anabonyeza "kubali" bila kusoma, na orodha yake yote ya namba inahamia kwa mkopeshaji. Akichelewa siku chache, shangazi yake aliyeko Kibokoni, aliyekuwa akikanda unga wa mahamri, anapokea simu ya mtu asiyemjua akimwamuru amlipishe mwanawe. Inafuata meseji kwa mwajiri, kwa imamu, kwa mchumba. Shangazi hakukopa, hakudhamini, wala hakuona hata shilingi. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022 zinazokataza kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya mkopaji, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kuwatumia vitisho watu waliopatikana kwa njia hiyo. Ni dalili nzuri. Kanuni ya 1837 imerudi ikiwa ndani ya simu, na safari hii kuna wa kuitoza faini.

Aibu, hakimu asiye na rufaa

Mzigo wa tatu hauna kifungu cha sheria. Katika Mji wa Kale, posa haipokewi kabla ya watu kuuliza. Mtu mzima hutumwa mtaani, huketi kwa huyu na kwa yule, na swali lake huwa lile lile: ni watu gani hao? Akisikia kwamba mkubwa wao ni teja, au kwamba mmoja alifungwa Shimo la Tewa, posa hutiwa maji polepole bila mtu kutaja sababu. Wanaoitetea desturi hiyo wana hoja: ndoa ni ya nyumba mbili, na mtu ana haki ya kuijua nyumba anayoingia. Kuuliza hakuna ubaya. Ubaya ni kukomea kwa kaka bila kufika kwa binti anayeposwa.

Familia zenye mateja ndizo zinazolipa zaidi. Heroini imekuwa ikiisumbua Mombasa kwa miongo kadhaa, na kwa muda huo wote mama ndiye aliyelaumiwa kwamba hakulea, ingawa mara nyingi wanawe wengine watano, waliolelewa kwa mkono ule ule, wanafanya kazi zao na kuswali swala zao. Aibu hiyo ina matokeo: familia humficha mgonjwa ndani, humpeleka kwa dawa akiwa amekwisha, au humtoa nje usiku akalale vibarazani. Mtaa unaomwadhibu mama kwa ugonjwa wa mwana hupata wagonjwa wengi barabarani.

Wapo pia ndugu wawili wa mji huu waliopelekwa Marekani Januari 2017 kwa biashara ya dawa za kulevya na kukiri makosa. Jina la nyumba yao kila mtu analijua. Silitaji hapa, kwa kuwa wako wanaolibeba ambao hawajawahi kushtakiwa kwa lolote. Mahakama ya New York ilimpa mmoja miaka 25 na mwenzake miaka 23. Ndugu wa damu, kesi moja, na bado kila mmoja alipimwa kwa matendo yake. Ikiwa jaji wa mbali aliweza kuwatenganisha waliokosa pamoja, barazani hatuna udhuru wa kutowatenganisha na ambao hawakukosa.

Maswali matatu

Katika visa vyote hivi, jamaa aliyebeba kwa haki alikuwa na moja kati ya mambo matatu: alitenda, alifaidi, au alidhamini. Chifu wa Mandera hakuwa na hata moja. Mke mwenye nyumba iliyojengwa kwa pesa za wizi analo la pili, na anachodaiwa ni nyumba tu. Anayesimama mbele ya jeneza analo la tatu, kwa ulimi wake mwenyewe. Akila wa Shafii nao wanalo la tatu kwa namna yake, kwa kuwa mkataba wa ukoo unawalinda wao pia siku watakapoteleza.

Na hata jibu linapopatikana, litazamwe linakoishia. Diya iliishia kwa waliofiwa. Rupia 100,000 za Wagiriama ziliishia kwa serikali iliyochoma nyumba. Mbuzi wa kesi ya ubakaji huishia kwa baba wa msichana. Malipo yasiyomfikia aliyedhurika ni kodi iliyovikwa kanzu ya haki.

Polisi, mkopeshaji na mpeleka posa wanaweza basi kuuliza yale yale: huyu ametenda nini yeye? Amefaidi nini akijua? Alikubali kudhamini nini? Akikosekana kwa yote matatu, aachwe aende zake, hata kama wamezaliwa tumbo moja na mkosaji. Wa kwao wataendelea kula naye janga, kwa kuwa wanampenda, watampelekea chakula gerezani na watamlipia wakili. Hilo hakuna sheria inayoweza kulizuia, wala haipaswi. Kazi ya sheria, na ya mtaa, ni kuhakikisha kwamba hakuna anayelishwa kwa nguvu.